Kuhesabu vizazi, vifo na ndoa: fedha ya halmashauri iende wapi?

Kila halmashauri inapoandaa mpango wa miaka mitano, maswali matatu hujitokeza. Watoto wangapi hufa kabla ya kutimiza mwaka? Mwanamke huzaa watoto wangapi katika maisha yake? Mabinti huolewa wakiwa na umri gani? Mara nyingi kinachofuata ni kumwita mtaalamu mwelekezi, kutunga dodoso refu na kutafuta mfadhili wa utafiti wa kaya. Nawasihi maofisa mipango wasianzie hapo. Maswali hayo hayana bei moja, na anayelipia yote matatu kwa njia moja hupoteza fedha ya wananchi.

Tazama kwanza kilichokwisha kulipiwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa Tanzania wa mwaka 2022 uliwahoji wanawake 15,254 wa umri wa miaka 15 hadi 49. Ulikuta uzazi umeshuka hadi watoto 4.8 kwa mwanamke, kutoka 5.2 katika utafiti wa 2015-16, na vifo vya watoto walio chini ya mwaka mmoja ni 33 kwa kila vizazi hai 1,000. Kenya nayo ilifanya utafiti wa aina hiyo mwaka huohuo, ikapata uzazi wa watoto 3.4. Ripoti hizo ni bure. Data zenyewe pia mtafiti amekuwa akizipata bila malipo, akijisajili na kueleza anataka kuzifanyia nini. Gharama inayobaki ni muda wa mtu anayejua kutumia programu ya takwimu. Upungufu wake ni kwamba sampuli ya Tanzania ilipangwa ijibu kwa ngazi ya mkoa. Ukiichambua wilaya moja peke yake unabaki na maeneo machache tu yaliyohojiwa, na hayo hayawezi kuisemea wilaya nzima.

Hapo ndipo watu husema: basi tufanye utafiti wetu. Kabla ya kusaini mkataba, piga hesabu. Tuseme kiwango chenu ni hicho cha 33. Ukipata taarifa za vizazi 1,000, utakuta vifo 33 hivi. Lakini kwa bahati ya sampuli pekee, kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya 22 na 44. Kwa jibu la namna hiyo mganga mkuu wa wilaya hawezi kujua kama juhudi zake za mwaka uliopita zimepunguza vifo kwa robo, au kama vimeongezeka. Ukitaka kosa lisizidi asilimia 10 juu au chini, unahitaji vifo 400 hivi, yaani vizazi 12,000. Wilaya ya watu 300,000 huwa na vizazi kama 10,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata ungewahoji wazazi wote wa mwaka mzima usingefika. Tena hesabu hiyo ni ya sampuli iliyochaguliwa mtu mmojammoja. Utafiti wa kaya huchagua vitongoji kwanza, kisha kaya ndani yake, na kwa kuwa majirani hufanana katika maji wanayokunywa na zahanati wanayoitegemea, usahihi hupungua zaidi.

Vifo vitokanavyo na uzazi ndivyo vigumu kuliko vyote. Utafiti wa Tanzania wa 2010 ulitoa 454 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2015-16 ukatoa 556, na wengi wakatangaza kwamba hali imekuwa mbaya. Waliosoma kurasa za nyuma waliona kwamba jibu la kwanza lilikuwa kati ya 353 na 556, na la pili kati ya 446 na 666. Masafa hayo yanaingiliana, na hakuna aliyekuwa na haki ya kusema vifo vimepanda. Mwaka 2022 kiwango kilikadiriwa kuwa 104. Kwa kiwango hicho, kupata vifo 400 vya kupimia kunahitaji vizazi karibu 385,000. Hakuna wilaya itakayolipia utafiti wa ukubwa huo, wala haifai kujaribu. Wilaya yetu ya mfano itakuwa na vifo vya aina hii 10 au 11 kwa mwaka, na vifo 10 vinaweza kufuatiliwa kimojakimoja: mtendaji wa kijiji aripoti kila mwanamke wa umri wa kuzaa aliyefariki, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aende kwenye kaya, kamati ikae na kuuliza nini kilichelewa. Fedha ya mafuta ya pikipiki kwa kazi hiyo italeta manufaa makubwa kuliko dodoso lolote.

Kwa vifo vya watoto ipo njia ya bei ndogo, na mizizi yake iko hapahapa kwetu. William Brass, mtakwimu kutoka Scotland, alifanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki jijini Nairobi kuanzia 1948 hadi 1955. Nchi hizi hazikuwa na usajili wa kutegemewa, na watu wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa. Brass alionyesha kwamba maswali mawili yanatosha kuanzia: umezaa watoto wangapi walio hai walipozaliwa, na kati yao wangapi wamefariki? Wanawake wa miaka 20 hadi 24 wana watoto wadogo, kwa hiyo sehemu ya watoto wao waliofariki inakaribia uwezekano wa kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa wenye miaka 30 hadi 34 inakaribia uwezekano wa kufa kabla ya miaka mitano. Chukua mfano: wanawake wa rika hilo wamezaa jumla ya watoto 2,000, na 130 wamefariki. Gawanya, upate 65 kwa kila 1,000, kisha rekebisha kidogo kwa jedwali lililokwisha kutengenezwa. Kazi ya kalamu na karatasi.

Maswali hayo huulizwa katika sensa, na hilo linabadilisha bei yote. Sensa ni ghali: bajeti iliyotajwa kwa ile ya Kenya ya 2019 ilikuwa kama shilingi bilioni 18.5 kwa watu 47,564,296, takriban shilingi 390 za Kenya kwa kila aliyehesabiwa. Lakini makarani wamekwisha kulipwa. Kwa wilaya, kuomba majedwali ya sensa na kuyafanyia hesabu ya Brass ndiyo njia inayoshuka hadi ngazi yake bila kumtuma mdadisi hata mmoja.

Ina kasoro zake, na anayeitumia azijue. Jibu linaeleza yaliyopita, miaka sita au saba nyuma kwa rika la 30 hadi 34, kwa hiyo halitaonyesha matokeo ya zahanati iliyofunguliwa juzi. Linawategemea akina mama walio hai. Kule Kagera, ambako UKIMWI uligunduliwa mwaka 1983 na kuua wazazi wengi, watoto waliokufa pamoja na mama zao hawana wa kuwataja. Na mtoto aliyefariki siku ya kwanza, kabla ya kupewa jina, mara nyingi hatajwi mbele ya mgeni mwenye kishikwambi. Mdadisi mwenye subira, aliyefundishwa kunyamaza na kusubiri, anafaa kuliko wadadisi wawili wanaokimbizana na idadi ya kaya.

Uzazi ni rahisi zaidi kupima kwa sababu vizazi ni vingi. Tatizo liko kwenye swali la waliojifungua ndani ya miezi 12 iliyopita: watu hurefusha au hufupisha mwaka. Brass alipendekeza kulinganisha jibu hilo na jumla ya watoto waliozaliwa na wanawake wa miaka 20 hadi 29, ambao bado hawajawasahau. Yakipishana, rekebisha la kwanza kwa la pili.

Ndoa haihitaji utafiti mpya kabisa. Mwaka 1953 John Hajnal alionyesha kwamba asilimia ya wasioolewa katika kila rika inatosha kutoa umri wa wastani wa kuolewa mara ya kwanza. Tuseme wasioolewa ni asilimia 76 katika miaka 15-19, halafu 36, 15, 8, 5, 4 na 3 kwa marika yanayofuata hadi 45-49. Jumla ni 147. Zidisha kwa 5, upate 735, ongeza 1,500 kwa miaka 15 ya mwanzo, ufike 2,235. Ondoa 150 ya wale asilimia 3 wasioolewa hadi miaka 50, gawanya kwa 97 iliyobaki: miaka 21.5. Kinachohitaji umakini ni nani anaitwa ameolewa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo, ilhali daftari la msajili, la msikiti au la kanisa haliwaoni. Kwa swali la mimba za mapema hesabu wanaoishi pamoja, na usitumie idadi ya vyeti.

Vituo vinavyofuatilia wakazi wa eneo moja mwaka hadi mwaka, kama Ifakara, Rufiji, Kisesa na Kilifi, hutoa picha nzuri kuliko zote, pamoja na sababu za vifo kwa kuwahoji wafiwa. Vinahitaji fedha za miaka mingi, kwa hiyo wilaya jirani isome matokeo ya vituo hivyo, isijaribu kujenga chake.

Usajili ndio ununuzi wa muda mrefu. Kuanzia Mbeya mwaka 2013, RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo, imesogeza usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Kizazi kinaandikishwa kwa kuwa shule itadai cheti, na kifo cha mtu mzima kwa kuwa kuna mirathi au mafao. Mtoto wa miezi mitatu akifariki, familia haina sababu ya kwenda popote, kwa hiyo daftari litaonyesha vifo vya watoto vichache mno kwa miaka ijayo.

Na zile ripoti za bure za tafiti za kitaifa hazina uhakika. Mpango uliogharimia tafiti hizo katika nchi nyingi tangu 1984 ulikatishwa na serikali ya Marekani mapema mwaka 2025. Kama halmashauri ina fedha ya semina moja tu mwaka huu, iwape watendaji wa vijiji daftari lenye safu za tarehe ya tukio, umri wa marehemu na umri wa mama, na iwalipe nauli ya kulileta kila robo mwaka.