Vigamba Vidogo Vyenye Habari Kubwa

Baharini huishi viumbe wadogo mno waitwao foraminifera. Wengi wao hawapiti ukubwa wa chembe ya mchanga, na wengi hujijengea kigamba cha chokaa. Kiumbe huyo afapo, kigamba chake huzama hata kikafika chini, kisha hufunikwa na vigamba vya wengine. Hivyo tope la chini ya bahari limepangika tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu: za juu ni za siku hizi, za chini ni za kale sana.

Wataalamu wa Uingereza waliosafiri katika merikebu Challenger, tangu 1872 hata 1876, walilipandisha tope hilo, wakaona ya kuwa limefunika sehemu kubwa ya sakafu ya bahari. Baadaye watu walizamisha mabomba marefu ya chuma, wakalitoa tope pasipo kuvuruga tabaka zake.

Je, kigamba chawezaje kueleza habari za joto na baridi? Kwanza, viumbe hao si wa namna moja. Wengine hupenda maji ya baridi, wengine maji ya vuguvugu. Tabaka ikijaa vigamba vya wapenda baridi, yajulikana ya kuwa wakati ule maji ya mahali pale yalikuwa ya baridi.

Pili, katika maji imo oksijeni nyepesi na oksijeni nzito. Maji yenye ile nyepesi hupanda hewani kwa urahisi zaidi. Wakati wa baridi kuu yalianguka kuwa theluji, yakagandamana kuwa barafu juu ya nchi, yasirudi baharini. Bahari ikabaki na oksijeni nzito zaidi, na vigamba vilivyojengwa humo vikaitwaa. Cesare Emiliani alizipima oksijeni hizo, akatangaza habari zake mwaka 1955. Mwaka 1976 Hays, Imbrie na Shackleton, waliopima tope la kusini mwa Bahari ya Hindi, walionyesha ya kuwa nyakati za barafu hufuata mabadiliko madogo ya mwendo na mwinamo wa dunia.

Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa nyingi, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, na kisiwa cha Unguja kilikuwa kimeungana na bara. Leo barafu inayeyuka na bahari inapanda. Mwenye nyumba au shamba pwani ana haja ya kujua bahari yaweza kubadilika kiasi gani. Na shahidi mmoja wa jambo hilo ni kigamba ambacho jicho tupu hulikionea shida.