Bafwasende: ugonjwa hutoka msituni, na hupanda lori pia

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anayetoka Kisangani kwenda Ituri kwa barabara ya taifa namba 4 hufika Bafwasende baada ya kilomita 260 hivi, nyingi zikiwa za msitu. Ni nchi ya mto Lindi, ya machimbo ya dhahabu na almasi, na ya nyama ya pori. Ng'ombe ni wachache. Kinachofugwa zaidi ni kuku, bata, mbuzi na nguruwe wanaojitafutia chakula kijijini, na kwa familia nyingi hao ndio benki: mtoto akiugua au karo ikidaiwa, mmoja anauzwa.

Benki hiyo inaweza kufilisika kwa siku chache. Homa ya nguruwe ya Afrika, ikija kwa aina yake kali, huua karibu kila nguruwe inayemshika, wala haina dawa. Daktari wa mifugo Montgomery aliieleza kitaalamu mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi nchini Kenya. Kumbe kirusi chenyewe kilikuwa cha zamani, kikiishi kwa ngiri na kwa kupe wa mashimo yao bila kuwaua. Wageni walikuwa nguruwe walioletwa kutoka Ulaya. Mwaka 1957 kikatua Lisbon, 2007 Georgia, 2018 China.

Magonjwa mengi yanayoitwa mapya huzaliwa hivyo: mnyama wa kufugwa anasogezwa karibu na mwenyeji wa zamani wa kirusi. Katika Tshopo, mkoa wa Bafwasende, kila shamba linalokatwa ndani ya msitu na kila kambi ya wachimbaji inayohitaji kitoweo hupunguza umbali huo.

Lakini msitu usibebeshwe lawama zote. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyotambuliwa Ivory Coast mwaka 1942, haikuhitaji mnyama wa porini ili kusambaa. Ilisafiri na biashara ya mbuzi. Mwaka 2012 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitahadharisha kuwa mbuzi milioni moja na kondoo laki sita wa Kongo walikuwa hatarini. Mbuzi mmoja mwenye makamasi, akifungwa ndani ya lori pamoja na wenzake, anatosha. Nayo mafua ya ndege aina ya H5N8, yaliyogunduliwa Ituri mwaka 2017 kando ya Ziwa Albert, yalionyesha kwamba hata anga ni njia.

Mfugo ukiisha, watu hawaachi kula nyama. Hurudi porini na mitego, na hapo hatari inageuka kuwa ya binadamu: mgonjwa wa kwanza wa mpox, ugonjwa utokao kwa wanyama wa porini, kujulikana duniani alikuwa mtoto wa Basankusu, Équateur, mwaka 1970. Kwa hiyo kuokoa nguruwe wa kijijini ni sehemu ya kinga ya watu, jambo ambalo wapanga bajeti ya afya hulisahau kwa urahisi.

Mfugaji anayeona nguruwe wake akitetemeka humchinja na kumuuza upesi, ingawa kirusi cha homa ya nguruwe hubaki hai ndani ya nyama. Kumlaumu ni rahisi kwa asiye na nguruwe. Halipwi fidia akitoa taarifa, na maabara kuu ya mifugo iko Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Kisangani.

Chanjo zipo kwa baadhi ya magonjwa. Ya sotoka ya mbuzi hukinga kwa miaka kadhaa kwa dozi moja, na FAO na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani wanataka ugonjwa huo utokomezwe ifikapo 2030. Tatizo ni kuifikisha ikiwa baridi mahali pasipo na umeme. Ya kideri cha kuku iitwayo I-2, inayotumika Tanzania, huvumilia joto zaidi na hutiwa kwa tone la jichoni, kazi ambayo mwanakijiji aliyefundishwa anaiweza.

Serikali ya mkoa haina haja ya kungoja maabara mpya ili ianze. Vizuizi vya ushuru vimejaa barabarani tayari. Kila kimoja kinachotoza pesa za mbuzi na nguruwe kiwekewe mganga wa mifugo, awakague kabla lori halijaruhusiwa kupita.