Bando la mfugaji: dakika za nyumbani na za machungani



Kiangazi kilichopita simu yangu iliita mara moja usiku, ikakatika. Nilipopiga, mwenye namba alikuwa hapatikani. Asubuhi niliuliza namba ni ya nani, nikawasha pikipiki. Nilipofika bomani, ndama wa pili alikuwa amekwisha kufa, na wa tatu alikuwa anahema kwa shida huku povu likimtoka puani. Ilikuwa ndigana kali.

Mzee mwenye boma alinionyesha simu yake. Ndani yake kulikuwa na bando la intaneti zaidi ya GB 1, zawadi ya mwanawe aliyeko Mwanza. Dakika za kupiga hazikuwepo hata moja, na salio la kawaida lilikuwa shilingi 12. Alichoweza ni kunibipu, kisha chaji ikaisha. Pale bomani kwake intaneti haishiki kabisa. Kwa hiyo ile GB 1 ilikuwa kama debe la maji lililofungiwa ndani ya nyumba ya jirani aliyesafiri.

Dawa ya ndigana kali hufanya kazi vizuri ikichomwa mapema, wakati ndama ana homa na matezi ya chini ya masikio yameanza kuvimba. Akishafika kwenye kukohoa na kutoa povu, dawa ileile kwa bei ileile mara nyingi haimwokoi. Dakika moja ya maongezi juzi yake ingetosha. Ndiyo maana leo, badala ya kuandika habari za kupe, naandika habari za bando. Nilisomea mifugo, sikusomea simu, lakini miaka ya kuzunguka na pikipiki kati ya majosho imenifundisha mambo kadhaa ambayo naona yanaweza kukuokolea fedha na mifugo.

Anza na kujua unatumia nini

Wengi wetu tunanunua bando kwa kusikia jirani kanunua lipi, au kwa kuangalia lipi lina GB nyingi. Kwanza jiulize kwa wiki moja unapiga simu kwa nani. Mfugaji wa kawaida hapa kwetu anapiga kwa anayechunga, kwa mnunuzi au dalali, kwa bwana mifugo, kwa ndugu. Simu nyingi ni fupi. Intaneti anayeihitaji ni kijana mwenye simu janja, na mara nyingi anaihitaji akiwa Kibara senta au Bunda mjini ambako inashika. Kama wewe una kitochi, bando lenye MB ndani yake unalilipia bure. Tafuta lile la dakika na ujumbe mfupi tu. Lipo katika kila mtandao, ila halipo juu kabisa kwenye menyu, kwa hiyo soma mpaka chini kabla ya kuchagua.

Menyu za vifurushi unazipata hivi: Vodacom *149*01#, Airtel *149*99#, Yas (ambayo mpaka Novemba 2024 iliitwa Tigo) *147*00#, Halotel *148*66# na TTCL *148*30#. Bei hubadilika, ndiyo maana siandiki bei hapa. Karatasi hii inaweza kukaa ukutani mwaka mzima, na bei ya mwaka jana itakudanganya. Nitakuonyesha namna ya kupiga hesabu.

Chukua mfano huu, ambao nimeutunga kwa ajili ya kufundishia na si bei ya mtandao wowote. Bando la siku ni shilingi 500 kwa dakika 15. Bando la wiki ni shilingi 2,000 kwa dakika 70. Gawa bei kwa dakika: la siku ni kama shilingi 33 kwa dakika, la wiki ni kama shilingi 29. La wiki linaonekana rahisi. Lakini kama kwa wiki nzima umeongea dakika 30 tu, zile 40 zinakufa siku ya saba, na kila dakika uliyoongea imekugharimu zaidi ya shilingi 66. Ungenunua la siku mara mbili, moja siku ya mnada na moja siku nyingine yenye shughuli, ungetumia shilingi 1,000, ukapata dakika zako 30.

Kwa upande mwingine, anayenunua la siku kila siku kwa siku saba anatoa shilingi 3,500 kwa mfano huohuo. Huyu la wiki linamfaa kabisa. Akina mama wanaouza maziwa na wanaopigia wateja kila asubuhi wengi wako kundi hili, na wengi niliowauliza hununua la siku kwa sababu fedha ya maziwa inaingia kidogo kidogo. Mama, ukiweza kutenga fedha ya maziwa ya Jumapili, nunua la wiki siku hiyo.

Usiache simu iingie kwenye salio la kawaida bila kujua. Bando likiisha katikati ya maongezi, kama una salio, simu inaendelea na inakatwa kwa gharama ya kawaida, ambayo ni kubwa kuliko ya bando. Kanuni za vifurushi zilizoanza Aprili 2021 zinataka mtandao ukutumie ujumbe matumizi yako yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100. Ujumbe huo unakuja. Shida ni kwamba wengi wetu hatufungui ujumbe wa mtandao kwa kudhani ni matangazo. Kanuni hizohizo zinakuruhusu kumhamishia mwenzako wa mtandao uleule sehemu ya bando lako. Yule mzee angejua, GB yake ingemfaa mjukuu wake anayesoma Bunda.

Salio la kukopa mimi silipendi. Unakopa kidogo, unakatwa ada juu yake, na vocha yako inayofuata inamezwa kabla hujapiga. Likufae usiku wa dharura tu. Na kama unaona salio linayeyuka bila wewe kupiga, huenda umeunganishwa na huduma za miito ya nyimbo au ujumbe wa michezo. Piga 100, huduma kwa wateja, uwaambie wakuondoe. Ukinunua bando moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yako ya fedha za simu, hakuna salio la kawaida linalobaki la kuyeyuka.

Laini ngapi zinatosha?

Zamani mtu alikuwa na laini nne kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali. Sababu yake ilikuwa hii: ukipiga kutoka mtandao wako kwenda wa mwingine, mtandao wako unaulipa ule mwingine kwa kila dakika, na gharama hiyo unabebeshwa wewe. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliishusha hatua kwa hatua, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Ndiyo sababu leo vifurushi vingi vina dakika za mitandao yote. Hakuna haja tena ya kubeba laini kwa ajili ya shemeji na nyingine kwa ajili ya dalali, huku kila moja ikidai bando lake.

Hata hivyo, laini mbili bado zina maana kwa mfugaji, kwa sababu ya minara. Mtandao unaoshika nyumbani huenda haushiki machungani. Kabla hujahamisha ng'ombe kiangazi, mtume kijana na simu yenye laini mbili aende anakoenda kuchunga, akapige akiwa kisimani, akapige akiwa kwenye kilima, akapige mahali mtakapolala. Laini inayoshika huko ndiyo ya kuwekewa bando wakati wa kuhama, hata kama ina dakika chache kidogo kuliko nyingine. Bando rahisi lisiloshika ni hasara, kama yule mzee alivyoona.

Ukiona mtandao wako haushiki nyumbani wala machungani, unaweza kuhama ukabaki na namba yako ileile. Huduma hii ipo Tanzania tangu Machi 2017. Nenda kwa wakala wa mtandao unaotaka kuhamia, ukiwa na kitambulisho chako. Lakini toa kwanza fedha zote zilizo kwenye akaunti yako ya simu, maana akaunti ile haihami na wewe. Na laini ya pili usiitupe kabatini miezi na miezi. Isipotumika muda mrefu hufungwa, namba akapewa mtu mwingine, na wateja wako wa mbuzi wakampigia yeye.

Piga pia *106# uone ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafungwe. Nimewahi kumsaidia mama mmoja aliyekuta laini ambayo hajawahi kuiona hata siku moja.

Kama kijiji chote hakina mtandao, hilo bando haliwezi kulitatua. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao kazi yake ni kufikisha mawasiliano vijijini ambako makampuni yanaona hakuna faida. Mei 2023 zilisainiwa pale Dodoma hati za kujenga minara 758 katika kata 713. Mkutano wa kijiji uandike kwenye muhtasari, mtendaji apeleke halmashauri. Kulalamika chini ya mti hakuandikwi popote.

Safarini na mnadani

Ukisafirisha mifugo, nunua bando kabla ya kutoka, na lisiwe la saa 24. Gari la ng'ombe likiharibika njiani kuelekea Pugu, au kivuko kikichelewa pale Kisorya ukiwa unavuka kwenda Ukerewe, bando la siku linaisha ukiwa bado barabarani, na hapo ndipo unahitaji kupiga zaidi. La siku tatu au la wiki linafaa safari. Chaji simu, zima intaneti usipoihitaji, na andika namba tatu muhimu kwenye karatasi iliyo mfukoni pamoja na kibali chako cha kusafirisha mifugo. Simu inaweza kuanguka ziwani.

Ukifika karibu na mpaka, upande wa Tarime na Sirari, angalia jina la mtandao juu ya kioo. Simu inaweza kushika mnara wa Kenya, na ukipiga au ukipigiwa ukiwa huko unaweza kukatwa fedha nyingi. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuacha simu ichague, na zima intaneti ya nje ya nchi. Kijana yeyote mwenye simu janja atakuonyesha.

Mnadani, mnunuzi akikwambia amekutumia fedha, usiamini ujumbe peke yake. Ujumbe wa kughushi unafanana sana na wa kweli. Angalia salio la akaunti yako kwanza, ndipo umwachie kamba. Kuangalia salio kwa menyu ya nyota hakuhitaji bando. Namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Kwa wenye simu janja

Picha ya mnyama mgonjwa inanisaidia sana, na picha moja kwa WhatsApp kwa kawaida haifiki hata MB 1. Video ya dakika moja inaweza kula MB kadhaa. Nitumie picha mbili, moja ya mnyama mzima na moja ya sehemu yenye tatizo, na ujumbe wa sauti mfupi. Kinachomaliza MB zako si picha hizo. Ni video za makundi zinazojipakua zenyewe usiku. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima upakuaji wa moja kwa moja. Ukifanya hivyo tu, wengi wenu bando la wiki litafika mwisho wa wiki.

Ukiishiwa dakika

Ujumbe mfupi hupita hata pale ambapo sauti inakatikakatika, na vifurushi vingi vya dakika vina ujumbe ndani yake ambao hautumiki mpaka unakufa. Usinibipu. Ninapokuwa kwenye pikipiki sisikii, na nikikuta namba nisiyoijua imeita mara moja sijui kama ni ng'ombe au ni mtu amekosea. Andika hivi: kijiji na kitongoji, aina ya mnyama na wangapi, dalili, tangu lini, na kama kuna aliyekufa. Mfano: "Kitongoji cha ziwani, ndama 3, matezi ya masikio yamevimba, hawanyonyi, tangu jana, hakuna aliyekufa." Kwa ujumbe kama huo natoka ofisini nikiwa nimebeba dawa inayohusika, sihitaji kurudi.

Mnyama akifa ghafla na damu ikatoka puani, mdomoni au mkunduni, usisubiri hata kuandika vizuri. Usimchune, usimpasue, usile nyama yake, waondoe watoto na mbwa. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Andika "kimeta?" na jina la kijiji, inatosha. Kama simu yako haina kitu, azima ya jirani.

Namba yangu imeandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata na kwenye ukuta wa josho. Iingize kwenye simu zote za nyumbani, pamoja na ile ya kijana anayechunga, kwa jina "Bwana Mifugo". Wengine mmeniandika kwa majina yangu ya utani, na mke wa mtu akitafuta usiku hanioni.