Punje 100 za mahindi na karata 52

Mpwa wangu alinifuata uwanjani jioni, baada ya shikamoo akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mjomba, nifundishe poka ya mashine. Nimeiona kwenye simu. Wanasema ile ukijua, hawakuli."

Hapa Magole, kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma inapochomoka njia ya kwenda Turiani, vijana wa umri wake wanaijua mashine nyingine: dubwi. Unatumbukiza sarafu ya 200, ile yenye sura ya Mzee Karume, unabonyeza tunda unalolitaka, taa inazunguka, inasimama inapotaka kusimama. Mpunga ukishavunwa na hela ikawa mfukoni, dubwi halikosi mtu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi inayosimamia michezo hiyo, inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Mpwa wangu ana 22. Kumkatalia ningemkatalia, lakini angekwenda kujifunzia kwenye hela yake. Nikamwambia alete karata, na mama yake atupe punje 100 za mahindi.

Poka ya mashine ilishika kasi Marekani mwaka 1979, kampuni ya Si Redd wa Nevada ilipoitoa ile iliyoitwa Draw Poker. Mpangilio wake ni mwepesi. Mashine inakugawia karata tano kati ya 52. Unachagua za kubaki nazo, unazotupa unapewa nyingine badala yake, mara moja tu. Hakuna mpinzani wa kumtazama usoni. Kwenye mashine ya kawaida, jozi ya J, Q, K au A inakurudishia dau lako, na kuanzia hapo malipo yanapanda.

Mpwa wangu alitaka tuanze kugawa. Nikamzuia. Somo la kwanza halimo kwenye karata, limo kwenye jedwali la malipo lililoandikwa juu ya kioo. Tazama mistari miwili: tatu za namba moja pamoja na jozi inalipa ngapi, na karata tano za aina moja, kopa tupu au shupaza tupu, zinalipa ngapi. Ukikuta 9 na 6, mashine hiyo inamrudishia mchezaji asiyekosea shilingi 99.54 katika kila 100, kwa muda mrefu, akiweka dau la juu kabisa. Ukikuta 8 na 5, inarudisha 97.30. Kwa macho mashine ni zilezile, rangi zilezile. Lakini ukicheza migao 600 kwa saa, kila mgao dau la shilingi 200, umezungusha 120,000. Ya kwanza itakula wastani wa shilingi 552, ya pili 3,240. Mtu anayekaa kwenye ya pili bila kusoma jedwali ameshapoteza kabla hajagusa kitufe.

Ndipo tukagawa. Bahati ikanisaidia kufundisha, maana mapema tu alipata kopa nne: 2, 6, 9 na 10, na ya tano ilikuwa 6 ya pau. Akaishika jozi ya 6, akatupa zilizobaki. Ndivyo mkono wa mtu unavyomtuma: anashika kilichokwisha kuwa pamoja. Nikamwambia ahesabu. Karata ambazo hujaziona ni 47. Kopa zilizobaki humo ni tisa. Kila moja kati ya hizo tisa inakamilisha kopa tano na kukulipa mara sita. Zidisha, gawanya: kwa dau la 200, kopa nne zina thamani ya shilingi 230 hivi. Jozi ya 6 ina thamani ya 165. Alikuwa ametupa 65 bila kujua kuna kitu kimedondoka.

Kisha nikabadilisha karata mbili tu. Nikamwekea kopa 2, 6, 9 na J, na J ya pau. Sasa je? Akashika kopa, kwa furaha ya mwanafunzi aliyeelewa. Amekosea tena! Jozi ya J inalipa tangu ilipo mkononi, na inaweza kukua: thamani yake ni 307. Kopa nne hapo ni 238. Alikuna kichwa muda mrefu. Napenda sana dakika ile, kijana anapogundua kwamba jibu haliko kwenye moyo wake wala kwenye ndoto ya jana usiku, liko kwenye hesabu ya darasa la saba.

Kuna jambo moja ambalo wanaoisifu mashine hii huliruka, nami sikutaka kumficha. Ile 99.54 imebeba ndani yake karata kubwa kuliko zote: 10, J, Q, K na A za aina moja. Kwa uchezaji usio na kosa huja mara moja katika migao 40,000 hivi. Ni karibu saa 67 za kukaa bila kuinuka. Kati ya zile shilingi 99.54, karibu mbili zinatoka kwenye tukio hilo moja. Mpaka litokee, mchezaji hodari kabisa anacheza kama mtu anayerudishiwa 97 na nusu. Kwa wastani, katika migao 100 kama 55 unaliwa, na kama 21 unarudishiwa dau lako tu.

"Kwa hiyo ukijua, bado wanakula," akasema.

"Wanakula kidogo."

Tukaendelea mpaka giza likatuzuia kuona namba. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa milimani, na hapa wingu hilo hatulichukulii kirahisi. Januari 2014 mto Mkundi ulifurika, ukaikata barabara kuu penye daraja na kuzoa mashamba na nyumba. Watu wazima wa Magole wanajua kupanda bila kuahidiwa kuvuna. Lakini mkulima huangalia wingu, akaamua apande lini na wapi. Kuna kitu cha kusoma.

Mpwa wangu alihesabu punje. Zilibaki 74. Akazimimina kwenye kopo, akafunga karata kwa mpira wa manati, akasimama mlangoni.

"Mjomba, kwenye dubwi kioo kinasema tikiti linalipa mara ngapi, na kengele mara ngapi. Hilo nimeshalisoma. Sasa lenyewe lina karata ngapi ndani?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani hata mwenye duka lilimowekwa lile dubwi analo.