Mshusheni Mtoto



Mtoto wetu wa pili alizaliwa baada ya kumzika wa kwanza. Kwa hofu hatukumweka chini: mchana mgongoni, jioni mapajani. Alitimiza mwaka hajui kukaa vizuri. Muuguzi akampima, hakuona ugonjwa. Akasema, "Mshusheni." Tukatandika mkeka. Baada ya miezi minne alitembea.

Mgongo wa mama si mbaya, ila usizidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto asiyetimiza mwaka asifungwe, hata mgongoni, zaidi ya saa 1 mfululizo. Asiyeanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya dakika 30 au zaidi kwa siku, mtu akimwangalia. Wakati wa usingizi alazwe chali. Ni anapolala kifudifudi akiwa macho ndipo shingo, mikono na mgongo hupata nguvu.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Mwaka 1976 mtaalamu Charles Super aliandika kwamba watoto wa Wakipsigis, Kenya, walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa kuwa mama zao waliwafundisha.

Lakini mama mchuma chai atamshusha wapi? Shambani kwenye dawa? Kiwandani kwenye mashine? Ndugu, hapa lawama si ya mama. Tumdai mwajiri nyumba safi ya kulelea watoto, mikeka, walezi, na muda wa kunyonyesha. Lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi lenu.

Umoja ni nguvu.