Neno "dawa" linavyompotosha mkulima

Ni maneno machache katika lugha yetu yaliyobebeshwa mzigo mzito kama neno "dawa". Mgonjwa hupewa dawa hospitalini, viatu hupakwa dawa vikang'aa, meno husuguliwa kwa dawa, na kiwavi anayetafuna sukuma wiki naye hunyunyiziwa dawa. Wahenga walikwenda mbali zaidi wakasema dawa ya moto ni moto. Maana ya msingi katika matumizi yote haya ni moja, yaani kitu cha kuondoa tatizo. Nani atapata nafuu na nani atakufa, neno lenyewe halisemi.

Si kwamba Kiswahili kimepungukiwa na msamiati. Neno "sumu" tunalo, tena tumekuwa nalo tangu enzi za mababu. Lakini ingia katika duka la pembejeo uulize sumu ya viwavi uone jinsi muuzaji atakavyokutazama, kana kwamba umepanga kumdhuru mtu. Neno linalokubalika ni dawa. Na siku hizi limevishwa pambo jipya: "dawa ya asili". Mnunuzi akisikia asili hudhani ameambiwa kwamba kitu hicho ni salama, ilhali hajaambiwa hivyo hata kidogo. Dhana hii ni ya hatari, na ushahidi wa kuipinga unatoka kwa mimea yenyewe.

Mmea hauna miguu ya kukimbilia wala mikono ya kujikingia. Silaha yake ni kemikali, na miongoni mwa kemikali hizo zimo peptidi, ambazo ni minyororo mifupi ya asidi amino, vitu vilevile vinavyojenga protini za nyama na maharagwe. Mwaka wa 1972 Clarence Ryan na mwenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kwamba mbawakawa akiuma jani moja la mnyanya au la kiazi, mmea huanza kutengeneza kinga hata katika majani ambayo hayajaguswa. Habari husafiri vipi kutoka jani hadi jani? Jibu lilipatikana mwaka wa 1991, ilipogunduliwa katika mnyanya peptidi yenye asidi amino 18, ikaitwa sistemini. Wenzangu wa isimu watakataa kuliita jambo hili lugha, na wana haki. Mimi natosheka kuliita ujumbe.

Kinga inayotengenezwa hapo ni protini ndogo zinazozuia vimeng'enya vilivyomo tumboni mwa mdudu. (Hili ni mojawapo ya istilahi zetu zilizoundwa kwa busara: ajuaye kumeng'enya chakula ni nini amekwisha kukisia kazi ya kimeng'enya kabla mwalimu hajafungua kinywa.) Mdudu hula akashiba, lakini protini ya chakula chake haimeng'enywi sawasawa, kwa hiyo hudumaa huku tumbo limejaa. Kunde zetu zinayo kinga ya namna hiyo. Katika hazina ya mbegu ya taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, palikuwa na aina moja ya kunde ambayo fukusi wa ghalani hawakuimudu. Watafiti wa Uingereza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Durham, waliichunguza wakavutiwa na vizuizi hivyo vya vimeng'enya, na mwaka wa 1987 wakatangaza kwamba wamehamisha jeni la kizuizi cha kunde hadi kwenye tumbaku, nayo tumbaku ikawastahimili viwavi. Baadaye ilibainika kwamba kizuizi hicho peke yake hakitoshi kueleza ukaidi wa kunde ile ya Ibadan. Hata hivyo, kunde hizo ukizipika unakula bila wasiwasi, kwa kuwa moto wa jikoni huviharibu vizuizi vingi vya aina hiyo.

Si kila peptidi inayosalimu amri mbele ya moto.

Katika miaka ya 1960 daktari mmoja Mnorwe, Lorents Gran, alikuwa akihudumu nchini Congo na ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Aligundua kwamba akina mama waliokuwa wakijifungua walikunywa maji yaliyochemshwa na mmea uliojulikana kama kalata-kalata, ili uchungu uharakishwe na mtoto azaliwe upesi. Kwa wataalamu wa mimea huo ni Oldenlandia affinis, wa ukoo mmoja na mbuni wetu wa kahawa. Gran alipoupeleka Ulaya kuuchunguza aliona kwamba kiini cha dawa ile ni peptidi, na hilo lilikuwa la ajabu, maana peptidi za kawaida hazistahimili sufuria inayochemka wala vimeng'enya vya tumbo la binadamu. Siri yake ilifichuliwa mwaka wa 1995. Peptidi ile ina asidi amino 29, na badala ya kuwa uzi wenye ncha mbili, imefungwa ikawa duara kama kidani, tena imekazwa kwa vifundo vitatu ndani. Hakuna ncha ya kimeng'enya kuanzia kuitafuna. Jamaa ya peptidi kama hizo sasa huitwa saiklotaidi.

Yapo ya mwanaisimu katika jina hilo. Kalata-kalata ni uradidi, mtindo ambao kila msemaji wa lugha ya Kibantu anaufahamu, kama tusemavyo polepole au kizunguzungu. Wanasayansi waliukata uradidi ule, wakachukua nusu na kuongeza herufi na tarakimu. Leo peptidi hiyo inaitwa kalata B1 katika maabara zote duniani. Nusu ya neno la wanawake wa Congo imebaki katika vitabu vya kemia. Wanawake wenyewe hawakutajwa majina.

Sasa kwa nini mmea wa Congo utengeneze dawa ya uzazi wa binadamu? Haukuitengenezea hilo. Mwaka wa 2001 watafiti wa Australia, akiwemo David Craik, waliichanganya kalata B1 na chakula cha viwavi wanaoharibu pamba, na viwavi wale wakadumaa na kufa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba seli za utumbo wa kiwavi huvimba zikapasuka. Msomaji atafakari hapo: molekuli ni ileile moja, mama aliinywa kama dawa na kiwavi huila kama sumu. Hata kwa mama haikuwa mchezo, kwani uchungu uliochochewa kupita kiasi unaweza kumwangamiza yeye na mtoto. Aidha, maabarani kalata B1 hupasua chembe nyekundu za damu. Yote hayo ni asili tupu, haijaguswa na kiwanda.

Upande wa pili wa sarafu nao lazima usemwe. Katika miaka ya 2010 Australia iliidhinisha kiuawadudu cha pamba kilichokamuliwa kutoka mmea wa Clitoria ternatea, ambao una saiklotaidi kwa wingi. Mmea huo wenye maua ya buluu si mgeni kwetu: watafiti wa Mtwapa waliuhimiza kwa wafugaji wa Pwani uwe lishe ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe huula akanenepa, mdudu wa pamba akanyunyiziwa kamulio lake akafa. Ndiyo maana nasema kwamba swali la iwapo kitu ni cha asili au cha kiwandani ni swali pungufu. Pareto, iliyoifanya Kenya ivume duniani karne iliyopita, haina peptidi lakini inatufundisha jambo hilohilo: ni ya asili, huoza upesi juani, na huua samaki na nyuki. Nikotini ya tumbaku nayo ni ya asili, na imewahi kuua watu.

Mkulima anahitaji kuambiwa inaua nani, kwa kipimo gani, na inakaa siku ngapi. Hapo ndipo lugha inapomtupa mkono. Nimewahi kusoma kibandiko cha chupa moja ambapo mfasiri alikutana na neno la Kiingereza la sumu inayofyonzwa na mmea ikaenea hadi kila jani, akaandika "dawa ya kimfumo". Sarufi haina dosari. Lakini nani anayeuza mboga sokoni ataelewa kutokana na maneno hayo kwamba sumu imo ndani ya jani, na kwamba kuliosha kwa maji hakutaitoa? Muda wa kungoja kabla ya kuvuna nao ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili cha herufi ndogo mno, chini kabisa, mahali ambapo gundi ilikuwa imeanza kuachia.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sioni kwa nini urasmi huo uishie Bungeni na kwenye vyeti. Kibandiko kingeweza kuandikwa hivi: "Hii ni sumu ya viwavi. Mmea huinywa, kwa hiyo imo ndani ya jani na haioshwi. Usichume wala usiuze kabla ya siku kumi na nne kupita." Idadi ya siku ibadilishwe kulingana na sumu, ya asili au ya kiwandani, na maneno hayo yatangulie jina la kampuni, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani anaweza kuzisoma.