Kipakatalishi Kikifa, Mwalimu Ashike Bisibisi

Jina la Mwakirunge likitajwa mjini Mombasa, aghalabu wasikilizaji hufikiria jaa. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa mnamo 2018, malori yamekuwa yakija huku Kisauni kumwaga mabaki ya mji. Sisi wa upande huu twajua kwamba si kila kimwagwacho pale ni taka. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno: wapo wachakurao humo wakaokota redio, simu na tarakilishi, kisha wakazivunja ili wapate shaba. Kila nionapo kipakatalishi kilichotupwa, hujiuliza: je, kilikufa kweli, au kiliharibika diski tu na mwenyewe hakuwa na bisibisi?

Swali hilo silizushi. Muhula mmoja, siku chache kabla ya kufunga shule, kipakatalishi changu kilianza kugongagonga ndani mithili ya saa mbovu, kisha kikaandika kiooni kwamba hakioni diski. Nilikipeleka kwa fundi mmoja mjini. Alikitazama kwa dakika zisizozidi tano, akasema, “Mwalimu, hii imekwisha. Nunua nyingine.” Bei aliyoitaja ilinifanya nikirudishe mfukoni bila neno.

Kumbe hakikuwa kimekwisha. Ndani ya diski ngumu mna visahani vinavyozunguka, katika vipakatalishi vingi mara 5,400 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa cha kusomea. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na kisahani ni nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Mtu akifunga mashine kwa haraka kabla haijazima, akapanda nayo bodaboda kwenye barabara yenye mashimo, kichwa chaweza kugusa kisahani na kukikwaruza. Hapo diski hufa. Lakini ubao mkuu, kioo, kibodi na betri vyote vi hai. Kukitupa kipakatalishi kwa sababu hiyo ni sawa na kuitupa baiskeli kwa sababu ya mpira uliopasuka.

Niliamua kujaribu mwenyewe. Nilichomoa waya wa umeme, nikatoa betri. Katika mashine ambazo betri imefichwa ndani, waya wake huchomolewa mara tu kifuniko kinapofunguliwa. Niligusa chuma cha dirisha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kwani cheche usiyoiona yaweza kuua chipu. Kisha nikafungua skurubu za kifuniko cha chini, nikazipanga mezani kwa utaratibu zilivyotoka, maana hazilingani urefu. Diski ilikuwa pale, upana wa sentimita 7 na urefu wa sentimita 10, imeshikwa kwa fremu ndogo ya bati. Huvutwa kwa upande hadi iachane na soketi yake. Haing’olewi kwa nguvu kuelekea juu.

Kabla ya kununua nyingine, nilichunguza mambo mawili. La kwanza ni aina ya soketi. Yangu ilikuwa ya SATA. La pili ni unene, kwa kuwa ziko za milimita 7 na za milimita 9.5, na nene haiingii mahali pa nyembamba. Nilichagua diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka, ili mashimo ya barabara yasinirudishe nilikotoka. Nikaiingiza, nikafunga skurubu, nikapakia mfumo wa Linux, ambao hutolewa bila malipo, kutoka kwenye flashi niliyoiandaa kwa tarakilishi ya mwenzangu. Kazi yote ilikwisha alasiri moja. Kipakatalishi kilichohukumiwa kifo kikawaka upesi kuliko kilivyowaka kikiwa kipya.

Hata hivyo, sikushangilia. Kipakatalishi kilirudi, maandishi hayakurudi. Alama za wanafunzi za muhula mzima, maandalio ya masomo na mitihani niliyoitunga kwa miaka kadhaa, vyote vilibaki kwenye kisahani kilichokwaruzwa. Sikuwa na nakala popote. Ilinibidi niwaombe wanafunzi waniletee karatasi zao za majaribio ili nijaze alama upya, na wawili walikuwa wamekwisha kuzitupa zao. Sitasahau walivyonitazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wangu ungezibwa kwa flashi moja na dakika kumi za kila Ijumaa.

Hapo ndipo lilipo dai langu kwa walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Lakini katika madarasa mengi ujuzi huo huishia kwenye kubonyeza vitufe. Mwanafunzi huchora tarakilishi daftarini, akaandika majina ya sehemu zake, akapata alama zote, ilhali hajapata kuona kifuniko kikifunguliwa. Tunawafunza kuwa wateja. Shule yenye mashine mbovu stoo ina maabara tayari: kifuniko kifunguliwe, kila kijana aitoe diski na kuirudisha kwa mikono yake.

Wapo watakaosema kwamba tunawanyang’anya mafundi riziki. La hasha. Fundi wa kweli ana kazi nyingi zitushindazo, na mteja anayeijua mashine yake humheshimu fundi hodari na hadanganywi na mvivu. Wengine watasema ni hatari. Ni kweli kwamba mashine yenye dhamana isiguswe kabla ya kusoma masharti yake, na kwamba katika baadhi ya vipakatalishi vipya vyembamba hifadhi imelehemiwa kwenye ubao mkuu, haitoki. Aidha, diski yenyewe isifunguliwe kamwe kwa matumaini ya kuokoa kilichomo. Vumbi litaimaliza kabisa. Kujua mipaka hii nako ni elimu.

Limebaki jambo la diski iliyokufa. Yangu sikuitupa pipani, kwa kuwa nilijua lori lingeifikisha wapi. Ina majina na alama za watoto wa watu, na diski iliyotushinda sisi yaweza kusomwa na mwenye vifaa bora. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na sehemu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo haikufika hata robo. Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha wazalishaji dhamana ya bidhaa zao hata baada ya kutumika. Sheria ni njema, lakini haina mikono.

Mikono ni yetu. Diski yangu mbovu sasa imo katika kabati la darasa langu, na kila mwaka wanafunzi wapya huishika, wakauliza ni nini. Huwaeleza, kisha huwauliza nami: nakala zenu ziko wapi?